Sura ya Tano: Pesa ya Karo Hupita Wapi

Matokeo ya KCSE hutoka Januari, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti chuoni Agosti au Septemba. Kwa mkulima wa Kiminini au Endebess, hakuna wakati mgumu kuliko huo. Mahindi bado yako shambani, ghala ni tupu, na uvunaji hautaanza hadi karibu Oktoba. Kule Bungoma, mwenye miwa huenda amekwisha kukata na bado anangoja malipo. Tapeli anaijua kalenda hii vizuri. Ujumbe wa kusema mtoto amechaguliwa kupata ufadhili, na kwamba zinahitajika shilingi elfu mbili tu za usajili, huingia kwenye simu wakati barua ya chuo iko mezani na mzazi hajui ataanzia wapi.

Wazazi huambiwa wawe macho. Lakini macho yatatazama nini, kama mtu hajawahi kuonyeshwa utaratibu wenyewe? Anayejua pesa ya serikali inatoka kwa nani na inaingia kwenye akaunti gani hahitaji kipaji cha kuwanusa matapeli. Ataona mwenyewe kwamba katika njia hiyo hakuna mahali ambapo mtu wa katikati anahitajika.

Hadi 2023, mwanafunzi aliyepelekwa na serikali chuo kikuu cha umma alitozwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikakipa chuo ruzuku. Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya: ufadhili usiorudishwa, mkopo unaorudishwa, na sehemu ya familia. Ufadhili hutoka kwa Hazina ya Vyuo Vikuu. Mkopo hutoka HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1995. Yote mawili huombwa mahali pamoja, kwenye tovuti ya hef.co.ke, na kuomba ni bure. KUCCPS, ambayo wengi huichanganya na HELB, kazi yake ni kuwapangia wanafunzi kozi na vyuo, haitoi mkopo.

Kiasi utakachopata hutegemea bendi, nazo ni tano. Familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi huwa Bendi ya Kwanza: ufadhili ni asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo 25, familia 5. Bendi ya Tatu, ya mapato ya hadi 70,000, ni 50, 30 na 20. Bendi ya Tano, ya zaidi ya 120,000, ni 30, 30 na 40. Tuseme kozi ni ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Mzazi wa Bendi ya Kwanza atatafuta 10,000, wa Tatu 40,000, wa Tano 80,000. Tofauti hiyo inaweza kuamua kama binti wa Chwele atasoma Kibabii au atabaki nyumbani. Wanaokwenda vyuo vya ufundi, kama Kitale National Polytechnic, wana viwango vyao tofauti. Anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, ila ufadhili haumfuati huko.

Mfumo huu una kasoro kubwa, na Mahakama Kuu iliuharamisha tarehe 20 Desemba 2024 ikisema unabagua. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata. Kasoro inayotugusa sisi wa magharibi ni kwamba fomu inauliza mapato kana kwamba kila mtu ana mshahara. Mkulima hupata pesa mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa hiyo jumlisha mauzo ya mwaka mzima, ondoa mbolea, mbegu na trekta, kisha ugawe kwa 12. Anayeandika pesa ya mwezi wa mavuno kama mapato ya kila mwezi hujipandisha bendi mwenyewe. Na ukiwekwa bendi isiyokufaa, rufaa hupelekwa kupitia tovuti ile ile.

Hapo ndipo hutokea mtu anayedai anaweza "kukuweka Bendi ya Kwanza" kwa elfu tatu. Bendi hukokotolewa kutokana na taarifa ulizojaza. Chifu hawezi kuipanga, wala karani wa saiba, wala jamaa anayejua mtu katika ofisi za HELB, Anniversary Towers.

Sasa fuata pesa yenyewe. Ufadhili huingia kwenye akaunti ya chuo. Mkopo wa karo, vivyo hivyo. Ni pesa ya matumizi pekee inayomfikia mwanafunzi, kwa jina lake mwenyewe. Basari ya NG-CDF na ile ya kaunti huandikwa hundi kwa jina la chuo au shule, na fomu zake haziuzwi. Katika njia hii yote hakuna hatua ambapo mzazi humtumia mtu pesa ili apewe pesa.

Wengine watasema, je, kama anayetaka pesa ana ofisi na mhuri? Saa moja na nusu kutoka Kitale, kaunti ya Uasin Gishu iliendesha mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada. Wazazi walilipa mamia ya maelfu ya shilingi, wengine wakiuza ardhi. Pesa hazikuingizwa kwenye akaunti za vyuo vya ng'ambo. Ziliingizwa kwenye akaunti ya hazina ya elimu ya kaunti. Wapo waliofika Finland wakatishiwa kufukuzwa kwa sababu karo haikufika, na wapo ambao hawakusafiri kabisa. Agosti 2023 aliyekuwa gavana, Jackson Mandago, alishtakiwa pamoja na wenzake wawili kwa njama ya kuiba shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka. Lakini swali ambalo kila mzazi angeweza kuuliza siku ya kwanza linabaki: kwa nini nisilipe chuo chenyewe?

Saiba inahitaji neno lake, kwa kuwa wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Lipia kazi ya kujaziwa fomu, ni halali yake. Ila barua pepe iwe ya mwanafunzi, laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake, na neno la siri alichape mwenyewe. Karani akitumia barua pepe yake, ndiye mwenye ufunguo wa akaunti kwa miaka minne, na mkopo huombwa upya kila mwaka. Deni nalo ni la mwanafunzi: riba asilimia 4 kwa mwaka, na baada ya mwaka mmoja tangu kumaliza masomo, asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Ukishatuma pesa ukagundua umelaghaiwa, usifute ujumbe. Piga simu Safaricom mara moja uombe muamala urudishwe, tuma namba ya tapeli kwa 333, kisha uende kituo cha polisi upewe namba ya OB. Kama alipata pia neno la siri, nenda Huduma Centre ya Kitale au Bungoma na kitambulisho, akaunti yako irekebishwe kabla pesa ya muhula haijatoka.