Kompyuta iko Dar, wewe uko Mwanza

Mtu akijaribu kuingia kwa mbali kwenye kompyuta ya ofisini na ikamkatalia, kitu cha kwanza anachofanya ni kuifuta programu na kuiweka upya. Karibu kila mara ni kazi bure. Programu hizi zimekomaa. VNC ilitoka kwenye maabara ya Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Microsoft ilianza kutoa huduma ya aina hiyo kwenye Windows NT muongo huohuo. TeamViewer ilianza Ujerumani mwaka 2005. Kinachokwama ni njia iliyopo kati ya kompyuta mbili, na njia hiyo inakaguliwa kwa mpangilio: umeme kwanza, kisha mtandao, halafu akaunti.

Tuchukue mhasibu wa kampuni ndogo ya Dar es Salaam aliyesafiri kwenda Mwanza. Mfumo wa hesabu umo kwenye kompyuta moja ya mezani iliyobaki ofisini, na mishahara inatakiwa kesho.

Je, kompyuta hiyo iko macho? Windows hujilaza yenyewe isipoguswa kwa muda, na kompyuta iliyolala haimwitikii mtu wa mbali. Kabla ya safari, ingia kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale kamwe inapokuwa imechomekwa. Skrini unaweza kuiacha ijizime, haina madhara. Kisha kuna kukatika kwa umeme, jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya hailigusi kabisa. Umeme ukirudi saa nane usiku, kompyuta nyingi hubaki zimezimika hadi mtu abonyeze kitufe. Kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza) ya kompyuta nyingi za mezani kuna mpangilio unaoifanya mashine iwake yenyewe umeme unaporudi. Uwashe. Na hakikisha programu imewekwa kikamilifu ili ianze pamoja na Windows, maana ile inayoendeshwa tu kutoka kwenye faili lililopakuliwa haitakuwepo mashine ikishawaka upya, na mhasibu hatauona hata ukurasa wa kuingilia.

Sasa mtandao, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Programu ya Windows yenyewe, Remote Desktop, inataka kuifikia kompyuta moja kwa moja kwa anwani yake, kupitia poti, yaani mlango wa mtandao, namba 3389. Ndani ya ofisi hilo ni rahisi: kompyuta ina anwani kama 192.168.1.20 na unaingia. Lakini anwani hiyo ni ya ndani tu, haina maana yoyote ukiwa Mwanza. Isitoshe, ruta inaweza kuibadilisha. Jana ilikuwa 20, leo baada ya umeme kukatika imekuwa 34, na mtu anaendelea kuipiga ile ya zamani. Dawa yake ni kuiambia ruta iihifadhie kompyuta hiyo anwani moja.

Ili kuingia kutoka nje, mafundi wengi hufungua poti kwenye ruta. Ofisi inayotumia laini ya simu kwa intaneti, kama zilivyo nyingi kwetu, mara nyingi itagundua kwamba poti imefunguliwa lakini hakuna kinachopita. Sababu ni kwamba kampuni za simu hazina anwani za umma za kumtosha kila mteja, kwa hiyo maelfu ya wateja hutumia anwani moja. Ni kama sanduku la posta la shule: barua imefika sandukuni, lakini bila jina la mwanafunzi hakuna ajuaye ampelekee nani. Kujua kama umo kwenye hali hiyo, fungua ukurasa wa ruta usome anwani iliyopewa upande wa nje, kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya intaneti. Zikitofautiana, au ile ya kwenye ruta ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, usipoteze muda tena na poti.

Hapo AnyDesk, TeamViewer, RustDesk na Chrome Remote Desktop zinaonyesha faida yake. Kompyuta ya ofisini yenyewe ndiyo inayotoka nje kwenda kwenye seva ya katikati na kusubiri. Wewe nawe unaenda kwenye seva hiyohiyo, mnakutanishwa. Njia nyingine, ambayo naipendelea kwa ofisi, ni VPN kama Tailscale: inaziunganisha kompyuta zako kana kwamba ziko chumba kimoja, na Remote Desktop inatumika kwa usalama ndani yake.

Hata kama una anwani ya umma, usiiache poti 3389 wazi kwa dunia nzima. Nasema hivi kwa uzito wote. Kuna programu zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikitafuta poti hiyo na kujaribu maneno ya siri, na wahalifu wanaofunga mafaili ya watu ili walipwe wamekuwa wakipitia hapo kwa miaka mingi. Mei 2019 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro iliyoitwa BlueKeep, na iliyatoa hata kwa Windows XP ambayo ilikwishaacha kuihudumia, kwa jinsi hatari ilivyokuwa kubwa. Kubadilisha namba ya poti kunachelewesha tu.

Mtandao ukiwa sawa na bado inakataa, muombe mwenzako aliyebaki ofisini afungue PowerShell kwenye kompyuta nyingine ya hapohapo na aandike Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 3389. Mstari wa mwisho ukisema True, njia ipo na tatizo liko kwenye akaunti. Ukisema False, angalia mambo matatu: kama Remote Desktop imewashwa, kama faiawoli inairuhusu, na kama Windows yenyewe ni toleo la Pro. Toleo la Home linaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine, lakini lenyewe haliingiliki kwa Remote Desktop. Nimeona watu wakihangaika na ruta siku nzima kumbe ni hilo.

Upande wa akaunti, makosa ni machache. PIN ya tarakimu nne unayoizoea ukiwa mezani haifanyi kazi kwenye Remote Desktop. Inatakiwa neno la siri lenyewe. Na akaunti isiyo na neno la siri kabisa Windows huikataa kutoka mbali.

Ukiingia ukakuta skrini nyeusi, uliza kama kuna skrini iliyochomekwa kwenye kompyuta ile. Baadhi ya kadi za picha hazichori kitu pasipo skrini, na kiplagi kidogo cha HDMI kinachojifanya skrini kinamaliza shida. Picha ikiganda pale tu unapoweka programu mpya, Windows inaomba ruhusa ya msimamizi kwenye dirisha usiloweza kuliona. Tena, ni kwa sababu programu yako haikuwekwa kikamilifu. Ikiwa inasuasua tu, punguza ubora wa picha na uondoe picha ya mandhari kabla hujanunua bando kubwa zaidi.

Lipo jambo moja ambalo kila mwenye simu au kompyuta anapaswa kulijua, hata asipokuwa na ofisi. Namba ile ya tarakimu tisa au kumi inayoonyeshwa na AnyDesk ndiyo anayoiomba tapeli anayepiga simu akijiita mtu wa benki au wa kampuni ya simu. Ukimpa na kumkubalia, anaona kila unachokiona, pamoja na ujumbe wa benki. Kata simu. Kama umeshamruhusu, zima intaneti kwanza, ondoa programu hiyo, kisha ipigie benki kwa simu nyingine.

Na mhasibu wetu akiacha kazi, ruhusa yake ifutwe siku hiyohiyo: neno la siri la kuingilia libadilishwe, na kompyuta yake itolewe kwenye orodha ya vifaa vya VPN.