Asilimia Mbili ya Watu Wenye Ulemavu: Fedha Hutoka Wapi na Nani Anastahili

Kila mwaka wa fedha, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mgawo huu si hisani ya diwani wala mkurugenzi. Tangu mwaka 2018 umewekwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A.

Mapato ya ndani ni yale yanayokusanywa hapa hapa: ushuru wa mazao, ada za leseni, ushuru wa masoko na mengineyo. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 3, fungu la watu wenye ulemavu ni shilingi milioni 60. Kwa hiyo gunia linalopitishwa usiku kukwepa ushuru hupunguza pia mtaji wa fundi viatu asiyeona njia nyingine ya kuupata.

Wako wanaostahili ambao hawajawahi kuomba, kwa kudhani kwamba ni lazima kwanza wapate wenzao wa kuunda kikundi. Sharti hilo lililegezwa katika marekebisho ya kanuni ya mwaka 2021. Mtu mwenye ulemavu asiyeweza kupata wenzake anaweza kukopa peke yake. Fundi cherehani ambaye ni kiziwi pekee kijijini kwake hana sababu ya kusubiri. Aanze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, akiwa na wazo la biashara analoweza kulieleza: anauza nini, kwa nani, na atarejesha vipi. Maombi sasa huingizwa katika mfumo wa kielektroniki, na asiye na simu ya kisasa aombe msaada wa afisa huyo.

Fedha hizi ni mkopo, si ruzuku. Mikopo hii ilisitishwa nchini kote Aprili 2023, baada ya ukaguzi kubaini vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudi mwaka 2024 chini ya utaratibu mpya. Kwa muda wote huo waombaji waaminifu walilipia makosa ya wengine. Ndugu anayesaidia kujaza fomu abaki msaidizi: deni humfuata yule ambaye jina lake limeandikwa, hata kama fedha zimetumiwa na mwingine.

Si kila mtu anataka biashara, na wala hapaswi kulazimishwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda chenye wafanyakazi 200 kinapaswa kuwa nao 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, tangu hatua ya kuomba kazi. Mwombaji aliyekataliwa kwa sababu hiyo anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Afisa Kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Asiyeweza kufika ofisi ya kata amtume ndugu au jirani kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, aeleze jina lake, mahali anapoishi na anachohitaji.