Mkuku wa Kale na Mkuku wa Siku Hizi



Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Tanganyika twaujua mtumbwi kabla ya kuijua baiskeli. Lakini mtumbwi wetu hauna mkuku, na kwa sababu hiyo wengi hawajui kazi ya kitu hicho kilicho chini ya chombo cha baharini. Nataka kueleza habari zake kwa kulinganisha namna mbili za mashua za matanga ziendazo safari za mbali, zile ziitwazo yoti: ya kale na ya siku hizi.

Mkuku wa yoti una kazi mbili. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, chombo kisicho na mkuku huteleza upande kama jani juu ya maji. Mkuku huyazuia maji, basi chombo hakina budi kwenda mbele. Ndiyo maana mashua yaweza kupiga bisha, yaani kuuendea upepo kwa mshazari, mara huku mara huku. Kazi ya pili ni kuchukua farumi. Katika jahazi farumi ni mawe au mchanga uliotiwa ndani. Katika yoti ni chuma au risasi, nayo huwekwa chini kabisa, ili mashua ikilazwa na upepo iinuke tena.

Kwa mfano wa kale nimeichagua Suhaili. Jina lake ni la Kiarabu, la upepo wa kusini-mashariki katika Ghuba ya Uajemi, nalo ni ndugu wa neno letu suheli, upande wa kusini. Mafundi wa Kihindi waliiunda Bombay kwa mbao za msaji, katika miaka ya 1963 na 1964. Umbo lake lilitokana na mashua za kuokolea watu zilizobuniwa Norway na Colin Archer katika karne ya 19. Mwili wake hauzidi mita 10, lakini uzito wake wapata tani 9. Ina milingoti miwili, mkubwa na wa galme. Mkuku wake waanzia karibu na omo hata tezi, nao ni sehemu ya mwili wenyewe. Usukani umefungwa nyuma yake.

Kwa mashua hiyo Mwingereza Robin Knox-Johnston aliondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968, peke yake, akaizunguka dunia bila kukatisha safari, akarudi tarehe 22 Aprili 1969. Walioanza mashindano yale walikuwa tisa. Aliyemaliza ni yeye tu. Msidhani mashua haikumsumbua. Ilivuja, akawa hana budi kupiga mbizi katikati ya Atlantiki na kukalafati mahali pa mkuku, huku akiwaangalia papa. Mtambo wa kuiongoza mashua ukavunjika kabla hajafika nusu ya safari. Hapo ndipo mkuku mrefu ulipomfaa: mashua ya namna hiyo haigeukigeuki ovyo, na matanga yakipangwa vizuri yaweza kushika njia yake wakati nahodha amelala.

Sasa tutazame yoti ya familia itokayo kiwandani leo. Mwili wake ni faibaglasi, haulii kalafati wala hauliwi na mchwa wa baharini. Urefu ukiwa sawa na wa Suhaili, uzito ni kama tani 5 au 6. Tezi yake ni pana, na ndani mna jiko na vitanda vya kutosha watu sita (nyumba nyingi za kijijini kwetu hazina nafasi iliyopangwa vizuri vile). Mkuku wake ni mfupi na wa kina, mfano wa pezi la samaki, tena umekazwa chini kwa bolti. Usukani uko mbali nyuma, umesimama peke yake. Yaenda mbio kuliko ile ya kale, yapiga bisha vizuri zaidi, na bandarini yageuka mahali padogo sana, ambapo Suhaili ingehitaji uwanja mzima. Kwa safari ya siku mbili tatu sioni sababu ya mtu kutaka nyingine.

Lakini pezi lile lina hatari yake. Likigonga mwamba, nguvu yote hupanda juu kama nguvu ya mtaimbo, ikayafikia mataruma ya sakafu, ambayo mara nyingi yameshikwa kwa gundi tu. Gundi yaweza kuachia na jicho lisione kitu. Mwezi Mei 2014 yoti iliyoitwa Cheeki Rafiki, iliyokuwa ikitoka Antigua kwenda Uingereza, ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki. Ilionekana imepinduka, na chelezo cha kuokolea watu kingali mahali pake. Mabaharia wanne walipotea. Wachunguzi wa Kiingereza waliandika kwamba huenda kugonga chini mara kwa mara na matengenezo ya hapo nyuma ndiyo yaliyoidhoofisha.

Linganisheni na Thuriya, mfano wa Suhaili ulioundwa Goa. Mwezi Septemba 2018 dhoruba ya kusini mwa Bahari ya Hindi iliibingirisha na kuvunja milingoti, na nahodha wake, Abhilash Tomy, akaumia mgongo. Lakini mashua ilisimama tena, akalala ndani yake siku tatu hata akaokolewa.

Walakini umbo la kale si hirizi. Mwezi Novemba 2022 Asteria, yenye mkuku mrefu, ilizama kwa dakika chache kusini mwa Afrika. Nahodha Tapio Lehtinen alikaa katika chelezo mpaka Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, aliyekuwa akishindana naye, alipogeuza mashua yake na kumtoa majini. Kisha akaendelea, na mwezi Aprili 2023 akawa mshindi.

Kama ningepewa ruhusa ya kuchagua, kwa bahari kuu na watu wachache ningechukua mkuku mrefu, nikubali kuchelewa. Na mwenye pezi, siku atakapogusa mwamba, hata kama maji hayakuingia, aipandishe mashua nchi kavu, afunue mbao za sakafu, azitazame bolti moja moja na kila ufa ulio karibu nazo, kabla ya kuiacha pwani nyuma yake.