Huit américain: mupatane kwanza, kisha mugawe karata

Kamina ni njia panda ya reli: Lubumbashi upande moja, Ilebo mwingine, Kabalo mwingine. Mutu anayengojea treni, ao familia iliyobaki na mushumaa kisha umeme kukatika, hawana haja ya muchezo mugumu. Huit américain inatosha: paketi moja ya karata 52, watu wawili mpaka watano, dakika kumi hivi.

Kila mutu anapewa karata saba ao munane. Zenye kubakia zinawekwa katikati, moja inafunuliwa. Zamu yako ikifika, unatupa karata ya rangi ile ao ya namba ile. Hauna? Unaokota moja. Nane ndiyo mukubwa: unaiweka juu ya karata yoyote, unachagua rangi mupya. Mwenye kumaliza wa kwanza ameshinda.

Shida iko kwa karata zingine. Yenye kuokotesha ni mbili ao asi? Valet inarukisha mutu? Unaweza kumaliza na nane? Kila nyumba iko na jibu lake, na pale ndipo makelele inaanza, zaidi sana kama kuna feza juu ya meza. (Feza, bora zibaki mufukoni.) Hata Marekani inasimuliwa kwamba kinyozi mmoja wa Ohio, Merle Robbins, alibishana na mutoto wake juu ya sheria za muchezo huu huu, ndiyo akatunga UNO mwaka 1971, amri zikiwa juu ya karata zenyewe.

Kama hakuna UNO, kipande cha karatasi kinafaa: muandike sheria tatu ao ine mbele ya kugawa, na mwenye kuchelewa azisome kwanza.