Usishushe gia boksi kabla ya kuipima

Pikapu kuukuu ya otomatiki ikianza kuchelewa kubadilisha gia, au kugonga inapopanda ya pili, au injini kupiga kelele huku mwendo hauongezeki, hukumu katika gereji nyingi hutolewa hata kabla boneti halijafunguliwa: gia boksi imekufa, tafuta nyingine. Mwenye gari hutumwa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi akatafute iliyotumika, na akirudi anakuta ya zamani imeshashushwa. Utaratibu huo umeanzia mwisho. Dalili za gia boksi iliyokufa kweli hufanana mno na dalili za oili iliyopungua, kebo iliyolegea au waya uliokatika, na hakuna sikio la fundi, hata awe mzoefu kiasi gani, linaloweza kuzitenganisha kwa kusikiliza tu. Kinachozitenganisha ni vipimo, na vile vya mwanzo havihitaji kufungua hata nati moja.

Chukua mfano wa gia boksi za Toyota za jamii ya A340, zenye gia nne, zilizofungwa kwenye baadhi ya Hilux Surf za miaka ya 1990 na kwenye pikapu za Tacoma za V6 zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1995. Ndani yake kazi yote hufanywa na shinikizo la oili: pampu husukuma oili, oili hubana klachi, klachi hushika gia. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, shinikizo hushuka, na klachi ambazo ni nzima kabisa huanza kuteleza. Ndiyo maana kijiti cha kupimia oili hutangulia kila kitu. Gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imepata moto na inaunguruma taratibu, mkono wa gia upitishwe kila nafasi na kurudishwa P, ndipo kijiti kichomolewe. Anayepima injini ikiwa imezimwa, kama inavyopimwa oili ya injini, atasoma kiwango cha uongo. Kisha oili idondoshewe kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu na safi, kuna matumaini. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi zimeanza kuliwa. Ikiwa ya pinki iliyochanganyika kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta. Hapo, kufunga gia boksi nyingine bila kubadilisha rejeta ni kuiua na ya pili.

Oili ikiwa sawa, tazama kebo inayotoka kwenye throto kwenda gia boksi. Kebo hii huiambia gia boksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, ili shinikizo lipande kulingana na mzigo. Mwongozo wa Toyota unataka, pedali ikikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya ncha ya mpira wa kebo na kizuizi kilichobanwa kwenye waya isizidi milimita 1. Kebo ikilegea, shinikizo huwa dogo na klachi huungua taratibu huku gari likiendelea kutembea. Ikikazwa kupita kiasi, gia hugonga. Marekebisho yake ni nati mbili na spana. Pikapu ikigoma kuingia gia ya nne, hakikisha kwanza kwamba taa ya O/D OFF, inayoonyesha kuwa gia ya nne imezimwa, haiwaki kwa sababu mtu amebonyeza swichi bila kujua. Kisha uliza kama themostati ipo. Mafundi wengi huitoa wakiamini wanazuia injini kuchemka, lakini kompyuta ya gari hukataza gia ya nne mpaka maji ya injini yafikie joto lililowekwa. Katika baridi ya Njombe au Limuru, injini isiyo na themostati inaweza kutembea safari nzima bila kulifikia, na lawama zikaangukia gia boksi isiyo na kosa.

Hatua inayofuata ni umeme. Wako wanaosema gari la zamani halina cha kusomwa na mashine. Si kweli. Kwenye nyingi za gari hizo za miaka ya 1990, ukiunganisha kwa kipande cha waya tundu la TE1 na la E1 ndani ya kiboksi cha vipimo kilicho chini ya boneti, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, taa ya O/D OFF yenyewe hupepesa namba ya kosa. Ikipepesa mara sita, ikapumzika, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 62: kasoro kwenye saketi ya solenoidi ya kwanza, yaani vali ya umeme ya kubadilishia gia. Namba 63 ni ya pili, na 42 ni sensa ya mwendo. Kuna kipimo kingine kinachomaliza ubishi: chomoa plagi ya solenoidi, uendeshe gari ukibadilisha gia kwa mkono. Kwenye A340E, L inapaswa kukupa gia ya kwanza, 2 ikupe ya tatu, na D ikupe ya nne. Zikiingia zote bila kuteleza, chuma kilichoko ndani kinafanya kazi, na tatizo litafutwe kwenye waya, sensa, solenoidi au kompyuta.

Fundi atajibu kwamba muda wa kupima nao ni fedha, na gia boksi iliyotumika hufungwa kwa siku moja. Hoja hii ina uzito pale ambapo mteja anadai gari leo. Lakini gia boksi ya mtumba haina historia, na chanzo cha kwanza kikiwa ni kebo au rejeta, mteja atarudi na malalamiko yaleyale, akiwa amelipia kazi mara mbili. Wengine husema oili ya gia boksi kuukuu isiguswe, kwani ikibadilishwa gari hugoma. Wanachokiona kipo, ila sababu wanaikosea: gari linalogoma baada ya oili mpya mara nyingi klachi zake zilikuwa zimeshakwisha. La kukwepa ni kusafisha kwa mashine ya shinikizo, ambayo inaweza kusukuma uchafu kwenye matundu membamba ya vali. Kumwaga oili kwa kawaida, kusafisha sampu na chujio, kisha kujaza upya ni salama zaidi.

Zipo gia boksi zinazostahili kushushwa: sampu ina vipande vya chuma, oili imeungua, na gari linateleza hata plagi ikiwa imechomolewa. Hizo zishushwe bila kusitasita. Nyingine zote zipimwe kwanza, na mwenye gari asilipe hata senti ya kushusha gia boksi mpaka fundi amweleze amepima nini na amekuta nini.