Mwezi wa Kwanza Bure, wa Pili Kimyakimya

Mnunuzi wa Afrika Mashariki amelelewa na malipo ya kabla. Umeme wa LUKU ukiisha, taa zinazimika. Kifurushi cha king'amuzi kikiisha, mechi inakatika hata kama ni dakika ya 89. Bando likiisha, simu inanyamaza. Hakuna anayekuja kukudai. Hujalipa, hupati, basi. Mazoea hayo ndiyo yanayotuponza tukiingia kwenye maduka ya mtandaoni ya Marekani na Ulaya, maana huko mambo yamegeuzwa: huduma haisimami mpaka wewe uisimamishe. Ukikaa kimya, umekubali kukatwa. Ofa nyingi za "jaribu bure siku 30" zinategemea kimya hicho.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha ofa hizi asianze na bei. Aanze na swali hili: nikisahau, hasara ni ya nani?

Septemba 2021 Netflix ilifungua kifurushi cha bure nchini Kenya kwa wenye simu za Android. Ulijiandikisha, ukathibitisha kwamba umetimiza miaka 18, ukaanza kutazama. Kadi haikuombwa. Filamu hazikuwemo zote, na kwenye televisheni hukuweza kuziona, lakini hakuna aliyekatwa hata senti kwa sababu alisahau tarehe. Novemba 2023 kampuni ikakifunga. Aliyependa alilipia, asiyependa akaenda zake. Hiyo ndiyo bure ninayoielewa mimi. Gharama ya kukushawishi ilikuwa ya muuzaji, na aliposhindwa kukushawishi ilibaki kwake.

Amazon Prime, uanachama wa kulipia wa duka la Amazon unaoahidi usafirishaji wa haraka na wa bure, ni habari nyingine. Kwa mnunuzi wa Marekani, siku 30 za kwanza ni bure, kisha ni dola 14.99 kwa mwezi au dola 139 kwa mwaka. Tukikadiria dola kwa shilingi 130 za Kenya, mwezi mmoja ni kama shilingi 1,950. Tukikadiria kwa shilingi 2,500 za Tanzania, ni karibu 37,500, na hapo benki haijaongeza chake kwenye kubadilisha fedha. Anayelipa mwezi kwa mwezi hadi mwaka uishe ametoa dola 179.88, karibu dola 41 zaidi ya aliyelipa kwa mkupuo. Utakuta anayelipa hivyo ni yule yule aliyeingia "kujaribu tu".

Wengine hata kujaribu hawakukusudia. Juni 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon mahakamani kwa madai kwamba iliwaingiza watu Prime bila ridhaa yao ya kweli. Tazama ukurasa wa malipo ambao FTC ilikuwa ikiulalamikia. Umeshachagua bidhaa, umeshaandika anwani, unataka kumaliza. Mbele yako kuna kitufe kikubwa kinachokuahidi usafirishaji wa bure. Anayetaka kukataa lazima atafute kiungo kidogo kinachomfanya atamke, kwa maneno mengine, kwamba yeye hataki kusafirishiwa bure. Nani anakataa cha bure? Unabofya kitufe kikubwa, na hapo umekwisha kujiunga.

Kuingia kulikuwa mibofyo miwili hivi. Kutoka, kwa maelezo ya FTC, kulikuwa kurasa 4, mibofyo 6 na machaguo 15 ya kupita katikati. Ndani ya kampuni wenyewe waliuita mlolongo huo Iliad, jina la utenzi mrefu wa Homer juu ya vita vya Troya. Utani wa ofisini, lakini unaonyesha kwamba waliujua urefu wake. Njia hiyo ilifupishwa Aprili 2023, shinikizo la wachunguzi likiwa limepanda. Septemba 2025 Amazon ikakubali kumaliza kesi kwa dola bilioni 2.5 bila kukiri kosa: bilioni 1 faini, bilioni 1.5 kurudishwa kwa wateja. Fidia ya mteja mmoja ilifikia dola 51 tu, na ni kwa wateja wa Marekani. Aliyekatwa miaka mitatu bila kujua alikuwa ameshatoa zaidi ya dola 400.

Je, Prime ina faida? Inategemea uko wapi, na hapa ndipo wengi wa kwetu wanapopotea. Mnunuzi wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi hapelekewi mzigo na Amazon moja kwa moja. Anampa muuzaji anwani ya ghala la wakala wa mizigo huko Marekani, mara nyingi Delaware kwa sababu jimbo hilo halina kodi ya mauzo, kisha wakala anausafirisha kwa ndege na kumtoza kwa uzito. Sasa fikiria: Prime inakuuzia mwendo wa siku mbili kutoka duka hadi ghala. Mzigo ukifika unasubiri wenzake, unasubiri ndege, unasubiri forodha. Ulichonunua ni haraka ya kwenda kukaa kwenye foleni.

Na usafirishaji wa bure ndani ya Marekani unapatikana bila Prime. Bidhaa zinazotumwa na Amazon yenyewe zikifika dola 35 kwenye kapu moja, usafirishaji wa kawaida hadi ghalani ni bure. Mwenye kitabu cha dola 20 na chaja ya dola 18 hahitaji uanachama wowote; anachohitaji ni kuviagiza pamoja na kuvumilia siku chache. Kwa mtu anayeagiza mara nne au tano kwa mwaka kupitia wakala, sioni hesabu inayoitetea Prime, hata ile ya mwezi mmoja wa bure, kwa sababu mwezi huo unamwachia tarehe ya kukumbuka.

Kwa aliyeko huko huko ni tofauti. Familia iliyohamia Ohio au Texas, yenye watoto wadogo na isiyo na gari, inaweza kuitumia kila wiki ikaona thamani yake. Lakini hata hapo isilipe bei ya kwanza inayoonyeshwa. Anayepokea msaada wa chakula kwa kadi ya EBT, au aliye kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anastahili Prime Access ya dola 6.99 kwa mwezi, chini ya nusu ya bei ya kawaida. Jamaa zetu wengi waliotoka Kongo kama wakimbizi wanazo kadi hizo mfukoni na bado wanakatwa dola 14.99. Mwaka mzima, tofauti ni dola 96. Ukiwa na ndugu huko, mtumie ujumbe huu leo.

Jambo jingine la Prime ambalo halitangazwi kwa kitufe kikubwa: mwanachama aliyekatwa ada na hajatumia faida yoyote katika kipindi hicho anarudishiwa fedha za kipindi hicho zote. Ukishtukia makato, usiagize kitu kwanza "ili pesa isiende bure". Ukiagiza kwa Prime umeshapoteza haki hiyo. Jitoe, kisha omba rejesho.

Mtego wa pili haufanani na huu, na unawapata zaidi vijana wa kazi za mtandaoni. Adobe inatoa siku 7 za bure kwa programu zake za kuchorea na kuhariri. Zikiisha, unaingia kwenye mpango ulioandikwa "mwaka, unalipwa kila mwezi". Macho yanasoma "kila mwezi". Mkataba ni wa mwaka. Ukijitoa baada ya siku 14 za kwanza, unatozwa nusu ya kilichobaki kwenye mwaka wako. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe kwa madai ya kuficha tozo hiyo.

Tupige hesabu kwa bei za Marekani za mwaka 2024. Kifurushi cha programu zote kilikuwa dola 59.99 kwa mwezi katika mkataba wa mwaka, na dola 89.99 katika mpango wa mwezi kwa mwezi usio na mkataba. Msanifu amepata kazi ya miezi minne. Akichukua ule wa "rahisi", atalipa dola 239.96 kwa miezi minne, kisha nusu ya miezi minane iliyobaki, ambayo nayo ni dola 239.96. Jumla dola 479.92. Akichukua ule wa ghali, analipa dola 359.96 na anaondoka. Rahisi imeizidi ghali kwa dola 120. Mipango hiyo miwili inalingana kwenye mwezi wa sita. Kazi yako ni fupi kuliko hapo, lipa bei kubwa. Ni ndefu, funga mkataba. Bei zimepanda tangu wakati huo, lakini kanuni ya tozo ndiyo inayoamua, na uisome kabla ya siku ya saba.

Zile krimu na vidonge vya kupunguza mwili, "lipia usafirishaji tu", sina haja ya kuzilinganisha na chochote. Mwaka 2011 FTC ilimshtaki Mkanada Jesse Willms kwa biashara ya majaribio ya bure ya vidonge na vifaa vya kung'arisha meno, na mwaka uliofuata kesi ikaishia kwenye hukumu ya dola milioni 359. Mtindo wenyewe haujafa. Unauona kwenye matangazo ya simu yako. Bidhaa ya kupaka au kumeza inayotaka namba ya kadi kwa dola chache za posta, ipite.

Tuje kwenye kadi, kwa sababu wengi wanaamini ndiyo kinga. Tangu 2022 Wakenya wana M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika inayolipa kutoka salio la M-Pesa, na kampuni za simu za Tanzania zina kadi za namna hiyo. Salio lisipotosha, malipo yanagoma. Ni kinga nzuri, lakini ni nusu. Kadi tupu haimaanishi umejitoa: kampuni inaweza kujaribu tena wiki ijayo, na siku hiyo ndiyo uliyotumiwa ada ya shule. Kwenye mkataba kama ule wa Adobe, deni linabaki deni. Na kwa aliyeko Marekani, kubadilisha kadi benki hakusaidii sana, kwa sababu Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya ya kadi ya mteja. Wala kufuta programu kwenye simu hakusitishi usajili, iwe Android au iPhone. Watu wanafuta, wanatulia, na makato yanaendelea.

Haki ya kudai ipo, ila inahitaji ushahidi. Kwa kanuni za Visa za tangu Aprili 2020, muuzaji wa majaribio ya bure anapaswa kukukumbusha angalau siku 7 kabla ya kuanza kukukata, na kukupa njia rahisi ya kujitoa mtandaoni. Ujumbe huo haukuja? Piga picha ya skrini, chukua barua pepe ya siku uliyojiunga, nenda benki iliyotoa kadi upinge muamala huo mapema. Ukimlalamikia muuzaji kwa simu, hutabaki na karatasi yoyote mkononi.

Njia ninayoipendekeza kwa anayetaka kujaribu hata hivyo ni kujitoa siku ile ile aliyojiunga. Kwenye Google Play, Prime na huduma nyingi, ukizima kujirudia unaendelea kutumia hadi kipindi cha bure kiishe. Huduma za Apple zenyewe ni ubaguzi: ukijitoa, majaribio hukatika papo hapo, na kwa Apple usisubiri dakika ya mwisho, kwani inataka saa 24 kabla.

Leo jioni fungua simu yako. Kwenye Android ingia Google Play, bofya picha yako, kisha "Malipo na usajili". Kwenye iPhone fungua mipangilio, bofya jina lako, kisha usajili. Waliojiunga kupitia tovuti hawataona kitu hapo. Hao wachukue taarifa ya benki ya miezi mitatu na kutafuta kiasi kinachojirudia kila mwezi tarehe ile ile. Usichokitambua, kiulizie benki kesho asubuhi.