Penseli Ufukweni Wakati wa Vita

Mwezi Julai 1914 Charles Rennie Mackintosh, Mskoti aliyesanifu Shule ya Sanaa ya Glasgow, aliwasili na mkewe, Margaret Macdonald, katika kijiji cha Walberswick, pwani ya mashariki ya Uingereza. Kazi zilikuwa zimempungukia, na moyo umeinama. Akashika penseli na rangi za maji, akaanza kuchora mimea ya bustanini na ya porini.

Mwezi uliofuata vita vikuu vikazuka, vita vile vile vilivyotua Tanga Novemba ya mwaka huo. Yeye akaendelea kuchora. Majira ya kupukutika majani yakamkuta hapo. Nayo si vuli yetu ya mvua na kupanda, bali ni wakati ambapo ua hunyauka, zikabaki mbegu na vikonyo. Mkono wake ulifuata umbo la mmea lilivyojengeka, mstari wa shina ukipita juu ya jani kana kwamba jani ni kioo. Sisi tuliofunzwa chuoni kuandika alifu kwa kalamu ya mwanzi twajua mstari wa namna hiyo unavyodai utulivu. Pembeni aliweka kisanduku: jina la mmea, mahali, mwaka, na herufi za majina yake na ya mkewe.

Jioni alipenda kutembea ufukweni. Lafudhi yake ilikuwa ngeni masikioni mwa wenyeji, na ng'ambo ya bahari alikuwako adui. Mwaka 1915 askari walipekua makazi yake, wakakuta barua kutoka Vienna, mji uliomtukuza katika maonyesho ya 1900. Ikaonekana ni jasusi. Akaamriwa kuondoka pwani.

Nasema haya nikiwa mtu niliyefunzwa, na niliyewafunza wengine, kuwa macho. Ulinzi ni wajibu, wala siubezi. Lakini lau ningalikuwa balozi wa nyumba kumi pale, nikamwona mgeni ameinamia magugu siku baada ya siku, je, ningalimwendea nikaitazama karatasi yake? Nachelea kwamba ningaliandika ripoti kwanza.

Mackintosh alihamia Chelsea, London, akafariki 1928. Shule aliyoisanifu iliungua 2014, ikaungua tena 2018. Fritilaria aliyoichora Walberswick mwaka 1915 imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na herufi za mke na mume zimo ndani ya kisanduku chao.